Nilimwita Baba Mdogo Mtumwa, Akakosa Kaburi Kihambani

Nimekosa, jamani. Nimekosa mimi, si shetani, wala si kaka zangu walionisukuma. Jambo hili limenitafuna mpaka usingizi umenikimbia, na leo nalitapika mbele yenu bila kutaja jina langu, maana aibu bado ninayo kidogo. Wewe unayesoma nivumilie. Kama ni kunitukana, nitukane nikishamaliza.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na Kiswahili ndilo somo nililofundisha. Kwetu ni kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Usa River, ambako mtoto anaanza na Kimeru, halafu Kiswahili anakutana nacho shuleni pamoja na fimbo. Mimi nilikipenda. Nilikisoma mpaka nikawa nasahihisha watu hata msibani! Mama wa watu analia, "alikuwa anatupendaga sana," mimi nimekunja uso kwa sababu ya ile "ga". Ndivyo nilivyokuwa. Mjuaji!

Sasa sikiliza.

Ukoo wetu una kihamba, shamba la migomba na kahawa tulimozaliwa na tunamozikwa. Kwetu mtu mwenye kihamba hazikwi kwingine. Anaweza kuishi mjini miaka yote, akifa analetwa, analazwa kati ya migomba karibu na baba yake. Ukizikwa makaburi ya mjini huku watu wanajua una kwenu, watu wanaulizana ulifanya nini.

Kihamba hicho kilikuwa na nyumba mbili. Sisi tunatokana na Babu Sikawa, baba yake babu yangu. Wenzetu wanatokana na mzee aliyeitwa Lomayani. Tulikua tukiambiwa kwamba Sikawa na Lomayani walikuwa ndugu, waliishi wakati wa Mjerumani, shamba lilikuwa moja wakagawana. Sisi tukapata juu, wao wakapata bondeni, karibu na mto.

Mjukuu wa huyo Lomayani ndiye Baba Mdogo wangu, Anaeli. Nilipokuwa mdogo mto ukijaa alinibeba mgongoni akanivusha niende shule, kisha akarudi kulima. Aliniita "mama" kwa sababu nilirithi jina la bibi. Jioni namsalimu, "Shikamoo Baba Mdogo," naye anajibu, "Marahaba mama, leo wamekufundisha neno gani?" Ninamwambia neno jipya la Kiswahili, analirudia rudia kama mtu anayeonja asali. Mtu huyo ndiye niliyemfanyia niliyomfanyia.

Baba yetu alipofariki, ikatokea pia barabara imechongwa mpaka bondeni. Magari yakaanza kushuka, watu wa mjini wakaanza kuulizia ardhi. Lile bonde tulilokuwa tukiliita la matope, ghafla macho yakatutoka!

Kaka yangu mkubwa, Elirehema, alinifuata jikoni. "Aisee dada, hebu niambie wewe msomi. Lomayani ni jina la Kimeru hilo?"

Nikamwambia ni la Kimaasai.

"Sasa huyo alikuwa ndugu yake Sikawa kutokea wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kumnyamazisha. Nilijua vizuri sana kwamba wazee wetu wengi walibeba majina ya Kimaasai, kama walivyobeba na rika zao na mikuki yao. Nilijua! Lakini nilikoroga uji, nikasema, "Hilo nalo ni swali." Akacheka, akasema mimi ndiye kichwa cha ukoo, nitafute karatasi.

Wee! Mtoto wa kike aitwe kichwa cha ukoo? Mimi ambaye shamba sikupewa hata upana wa mkeka, kwa kuwa kwetu binti hagawiwi? Nilivimba kama andazi. Kumbe nilikuwa natumwa kazi chafu, na mimi naona nimepewa kiti.

Basi nikaanza kumfuatilia Babu Sikawa. Ukimtafuta babu wa enzi za Mjerumani, cheti cha kuzaliwa hutakiona. Mtafute pale alipolazimishwa kuinama. Mjerumani alipokwisha kuwapiga watu wa mlima, kuwachomea nyumba na kuwaswaga ng'ombe wao, aliwataka wazee washuke bomani Arusha waape utii mbele ya bendera yake. Baadaye wakaja walowezi, wakapigilia vigingi tambarare yote ya chini, mpaka watu wetu wakabanwa kati ya mashamba ya wazungu na msitu. Ndipo wazee wakaanza kupeleka maombi: Bwana Mkubwa, hapa tuachie, hapa ndipo walipolala baba zetu. Viapo na maombi hayo yaliandikwa, na baadhi yamebaki kwenye makabrasha yanayonuka vumbi. Mimi niliyafukua, na kikohozi juu.

Nikapata ombi la shamba letu. Limeandikwa kwa jina la Sikawa peke yake, mto umetajwa, mfereji umetajwa. Nilipiga kigelegele kimoyomoyo. Kisha nikapata kiapo, kimeandikwa kwa Kiswahili cha karani wa pwani aliyewaandikia Wajerumani bomani. Kilianza hivi: "Mimi Lomayani, mtumwa wa Sikawa, nimekuja bomani nimeapa."

Mtumwa wa Sikawa!

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Sikujiuliza mtumwa anatafuta nini mbele ya bendera, akiapa kwa niaba ya bwana wake. Sikujiuliza lini Wameru wa kawaida, wenye jembe na mbuzi kadhaa, walikuwa na watumwa. Neno lilikuwa tamu, nikalimeza bila kutafuna.

Na ngoja nikwambie lililo baya zaidi. Karatasi ile ilikuwa na mgongo. Nyuma kulikuwa na maandishi ya Kijerumani, mwandiko kama kuku amepekua. Niliyaona majina yote mawili humo, la Sikawa na la Lomayani. Kijerumani sikijui. Ningeweza kumtafuta anayekijua, wapo hapa hapa kwetu. Nikaigeuza karatasi, mgongo ukarudi chini.

Kikao cha ukoo kikaitwa. Mshili, yule kiongozi wa ukoo wetu, alikaa katikati, kaka zangu upande huu, Baba Mdogo na wanawe upande ule. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alinitabasamia, masikini, akadhani nimekuja kusoma historia!

Nikasoma. Sauti yangu ya darasani, kila silabi mahali pake. Nilipofika kwenye "mtumwa" nikatulia kidogo, ili walisikie vizuri.

Watu wakaguna. Baba Mdogo akasema, "Mama, hebu soma tena."

Nikasoma tena.

"Baba yangu aliniambia," akasema polepole, "kwamba babu alikwenda bomani kwa ajili ya wote. Alituambia hivyo mpaka anakata roho."

Unajua nilimjibuje? Mimi, niliyevushwa mto mgongoni mwake? Nilisema, "Baba Mdogo, maneno ya mdomo hayana muhuri."

Kaka zangu wakapiga makofi. Mmoja wa vijana wake akasimama kwa hasira, Baba Mdogo akamshika mkono akamkalisha. Akaniangalia. "Kwa hiyo mimi ni mtumwa wa nani sasa, mwanangu? Wako?" Nilijifanya napanga karatasi zangu.

Mshili akaamua. Shamba ni la nyumba ya Sikawa, wale wengine walikaribishwa tu, na aliyekaribishwa hujua pa kutokea. Kabla ya mvua za masika Baba Mdogo na mkewe walikuwa wamehamia Lemara, kule mjini Arusha, kwa binti yao, kwenye nyumba ya kupanga. Mzee aliyezoea kuamka akisikia mfereji, sasa anaamka akisikia redio ya jirani. Nilipita njia ile mara nyingi nikienda sokoni. Sikuingia kumsalimu hata siku moja.

Hakukaa sana. Alifariki.

Wanawe walifikiri mauti yatatulainisha. Walikuja kihambani asubuhi na majirani, wakaanza kuchimba kando ya kaburi la babu yao. Habari ilipotufikia walikuwa wameshafika kiunoni. Kaka Elirehema akanichukua mimi na mshili, tukashuka.

"Simamisheni," kaka akasema. "Hapa hazikwi mtu."

Kijana mkubwa wa marehemu akapanda kutoka shimoni, udongo mpaka kwenye nyusi. Hakugombana. Alinijia mimi, akaninong'oneza, "Dada, sema neno. Wewe wakikusikia wataacha. Hatutaki shamba tena, lichukueni lote. Tunaomba hapa tu alale."

Kaka akasema, "Mwalimu, waambie."

Nikawaambia, "Tusichanganye makaburi."

Ole wangu! Ulimi huu! Kuna watu hukatwa ulimi kwa kosa dogo kuliko hilo.

Wachimbaji walikataa kufukia shimo hivi hivi. Kwetu kaburi likishafunguliwa haliachwi tupu, eti litaita mtu mwingine wa kuingia. Basi wakakata mgomba, wakaulaza ndani pale pale palipokuwa pake, wakaufukia. Mgomba umezikwa kwa baba zetu, na Baba Mdogo akapelekwa makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua, mvua ikinyesha na mchungaji akiharakisha maneno. Mimi sikwenda. Nilisema goti linauma.

Ungedhani hapo roho ilinisuta. Wala! Nilianza kuandika kitabu cha ukoo. Ndiyo, kitabu, chenye picha ya Babu Sikawa ya kuchora, kaka zangu wakigawe kwenye harusi. Na ili kitabu kinone, nikaona niongeze na yale ya Kijerumani. Nikampelekea mchungaji mmoja mstaafu anayeishi kule Makumira, mtu aliyesomea Ujerumani siku za ujana wake.

Alivaa miwani, akasoma moja kwa moja kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesoma somo la Jumapili. "Leo amekuja Lomayani, ametumwa na kaka yake wa tumbo moja, Sikawa, ambaye amejificha msituni na anaogopa kushuka."

Nikamwambia, "Baba Mchungaji, rudia hapo."

"Ametumwa na kaka yake. Hapa nyuma ni maelezo ya kile kiapo cha mbele." Akaendelea. "Ameapa kwa niaba ya jamaa yote. Akiinua mkuki Sikawa, atakayenyongwa ni huyu. Amekubali. Amepewa kazi ya kubeba mawe ya boma, na jamaa zake waachiwe mahali wanapolima."

Mchungaji akaweka karatasi chini. "Huyu alikuwa mtu! Ameweka shingo yake rehani kwa ajili ya kaka. Ni babu yako huyu?"

Tuma, tumwa. Piga, pigwa, tuma, tumwa! Nimeyafundisha hayo ubaoni maisha yangu yote, chaki mpaka kwenye nywele. Mtumwa wa Sikawa, yule aliyetumwa na Sikawa! Karani wa pwani aliandika Kiswahili chake vizuri kabisa. Mimi Mmeru niliyekiokota shuleni, na kujiona nimekimaliza, ndiye niliyeshindwa kukisoma.

Na ombi la shamba je? Likaandikwa kwa jina la Sikawa kwa sababu ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye hutajwa. Mdogo kabeba mawe ya Mjerumani mgongoni, akila viboko hamsa ishirini akichelewa, mkubwa katoka msituni kakuta shamba lipo. Sisi wajukuu wa aliyejificha tumewafukuza wajukuu wa aliyekwenda. Nililia pale kwa mchungaji mpaka mkewe akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Nilikwenda mbio kwa kaka. Nikamweleza yote, nikamwambia tumrudishe Baba Mdogo, tuombe kibali, tumfukue, tumlete alale kwake.

Elirehema aliendelea kula. "Aisee Mwalimu, usituchanganye. Ulisema mtumwa, ukoo ukasikia mtumwa. Bonde tumeshaliuza, lina mwenyewe sasa, keshazungushia ukuta. Unataka nimwambie nini, anipishe nizike?"

"Kaka, tulimdhulumu."

"Tulimdhulumu na nani? Nani alisoma?" Akanawa mikono. "Halafu, tangu lini mtoto wa kike akapanga mambo ya makaburi?"

Umesikia hiyo? Siku ya kumfukuza mtu nilikuwa kichwa cha ukoo. Siku ya kumrudisha nimekuwa mtoto wa kike! Mshili naye akaniambia kesi ikishafungwa imefungwa, niende nikapumzike, uzee una mambo mengi.

Nikabaki na Mama Mdogo, mjane wake. Kwetu ukimkosea mtu sana, kosa lisilosemeka, unamwendea na jani la sale, lile la kijani la mipakani. Akiletewa sale hawezi kukufukuza. Nililishika mkononi kutoka mlimani mpaka Lemara, watu wakinitazama, na wanaojua maana yake wakigeuza macho.

Nilimkuta anachagua maharage kwenye ungo. Nikapiga magoti mlangoni. "Shikamoo Mama Mdogo." Nikamnyooshea sale.

Alilitazama muda mrefu. Mwisho akalipokea, akaliweka juu ya kabati, akarudi kwenye maharage yake. "Marahaba. Ingia ndani, unaumiza magoti."

Nikamweleza karatasi ilivyosema kweli. Sikujificha popote. Nilimwambia Lomayani alikuwa nani, na mimi nilikosea wapi, mpaka ile habari ya kugeuza mgongo wa karatasi.

Alisikiliza. Mikono haikusimama. Kisha akasema, "Kwa hiyo babu yake hakuwa mtumwa."

"Hakuwa, Mama Mdogo. Ndiye aliyetuokoa sisi wote."

"Huh." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Baba yako mdogo alikuwa ananiuliza. Amelala pale, hali hawezi, ananiuliza, hivi mke wangu, ni kweli sisi ni watumwa? Mimi namwambia si kweli, baba yako alikwambia vingine. Anasema, baba hakusoma. Mwalimu amesoma, Mwalimu hawezi kukosea neno. Wanawe wakamwambia twende mahakamani, akakataa. Aliwaambia wasidai kisicho chao."

Nikauliza, "Umenisamehe, Mama Mdogo?"

"Sale nimepokea," akasema. "Usiniulize zaidi ya hapo." Akanipa chai. Nilikunywa, nikaondoka.

Basi ndugu zangu, hilo ndilo ungamo langu. Kaka zangu wanaendelea vizuri, asante, wamejenga. Mimi kanisani nakaa kiti cha nyuma, na kitabu cha ukoo nimekichoma, ingawa kukichoma hakukumrudisha mtu.

Wewe unayefukua mababu zako kwenye karatasi za Mjerumani au za nani sijui, fukua, sikukatazi. Ila ukikutana na neno linalokufurahisha kwa sababu linamdhuru mwenzako, hapo hapo simama! Geuza karatasi, uliza anayejua lugha, muulize na mzee aliyelala kitandani alichoambiwa na baba yake. Wala usikubali kuitwa msomi na watu wanaotaka kitu cha mtu.

Na wewe unayeheshimiwa kwa elimu yako, ogopa. Baba Mdogo angenibishia mimi tungegombana, angeshinda, angelala kwake leo. Hakunibishia. Nilimwambia mtu mzima kwamba hana kwao, naye aliniamini mpaka kaburini.